Kabla Hujamleta Mtoto wa Mbwa Nyumbani, Uliza Nyonga za Wazazi Wake

Tulipohamia Reading, Uingereza, binti yangu aliomba kitu kimoja tu: mbwa. Kwetu Moshi mbwa wetu alikuwa mlinzi, alilala nje na kula makombo. Huku tulinunua Labrador wa wiki nane, tukamwita Simba, akalala sebuleni kama mtoto wa nyumba.

Alipofikisha miezi minane mambo yalibadilika. Akikimbia, alirusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura. Kuinuka kulimpa taabu. Kwenye ngazi alisimama chini akitutazama. "Baba, Simba amekuwa mvivu," binti yangu akasema. Nami nikaamini.

Daktari wa mifugo alimpiga eksirei, akatuonyesha. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kukaa barabara ndani ya kikombe cha nyonga. Cha Simba kilicheza kama mchi ndani ya kinu kipana. Kiungo kikilegea hivyo, gegedu hulika na maumivu hufuata mbwa akiwa bado kijana. Hiyo ndiyo displasia ya nyonga, na huwapata zaidi mbwa wenye miili mikubwa.

Nikauliza, "Nimekosea wapi?" Nikaelezwa kwamba hitilafu hii hurithiwa, lakini hujitokeza mbwa anapokua, na malezi huweza kuipunguza au kuizidisha.

Kosa langu la kwanza ni kutouliza. Uingereza upo mpango wa BVA na Kennel Club: mbwa aliyetimiza mwaka mmoja hupigwa eksirei, na kila nyonga hupewa alama 0 hadi 53. Alama zikiwa chache, nyonga ni nzuri. Marekani, OFA hutoa daraja la kudumu kuanzia miezi 24. Ningeomba vyeti vya baba na mama wa Simba. Mimi niliangalia bei tu, na rahisi ikawa ghali.

Kosa la pili ni bakuli. Kwetu unayempenda unamshibisha. Mama yangu alipotutembelea alishangaa: "Mwanangu, mbona huyu mbavu zinahesabika?" Tukamwongezea wali na nyama. Kumbe mbavu zinapaswa kupapasika kirahisi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 uliwafuatilia Labrador 48 maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 waliishi karibu miaka 2 zaidi, na viungo vyao viliumia kidogo.

Kosa la tatu ni ngazi. Watafiti wa Norwei waligundua kwamba watoto wa mbwa waliopanda ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walikuwa katika hatari zaidi, na waliocheza huru nje kwenye ardhi laini walipata nafuu. Simba alipanda zetu tangu wiki ya kwanza, nasi tukimpigia makofi.

Ndugu msomaji, ukipata mtoto wa mbwa mkubwa, mpe chakula cha watoto wa mbwa wa aina hiyo, kwa kipimo. Usimwongezee kalisi. Mkatie bima mapema, kwa kuwa bima nyingi hazilipii ugonjwa ulioanza kabla. Akichechemea, usimpe dawa zako za maumivu, kwani ibuprofeni inaweza kumuua. Mpeleke kwa daktari.

Simba sasa ana miaka minne. Tumempunguza uzito, anaogelea kwenye maji ya uvuguvugu, na hunywa dawa aliyoandikiwa. Ikishindikana, itabaki nyonga ya bandia, ambayo ni gharama kubwa. Usiku binti yangu hukaa naye chini ya ngazi kabla ya kwenda kulala.

Mama hupiga simu kila Jumapili, na huuliza: "Simba amekula?"

"Amekula, Mama. Kidogo."