Masikio ya mwendesha baiskeli Minneapolis

Kijana wa Nairobi hudhani anaijua baridi kwa kuwa amewahi kungoja matatu alfajiri ya Julai. Akienda Marekani kusoma, pale Minneapolis, akanunua baiskeli kuukuu ili pesa zisiishie kwenye nauli, mwezi wa Januari humfunza mengine.

Adui wake ni upepo anaoutengeneza mwenyewe. Hewa ikiwa imetulia kwenye nyuzi 10 chini ya sufuri, ukiendesha kilomita 20 kwa saa uso huhisi kama ni nyuzi 18 chini. Masikio ndiyo huumia upesi, kwani ni membamba na yamejitokeza nje. Yakianza kuchoma, yafunike. Yakifa ganzi, hapo ndipo pa kuogopa, maana yanaganda. Ingia ndani, uyakinge kwa viganja vyenye joto, wala usiyasugue.

Sasa mama, ile mavini nene uliyomfumia mwanao ni nzuri ya kutembelea. Chini ya helmeti haifai: huiinua ikakaa ovyo, na akiteleza kwenye barafu haitamkinga vyema. Humo huvaliwa kofia nyembamba ya sufu inayofunika masikio yote. Ya pamba hunywa jasho ikabaki majimaji. Matundu ya helmeti aweza kuyaziba kwa utepe wa gundi, wacha wacheke. Skafu ipande hadi puani, ncha zichomekwe ndani ya koti, ingawa mwenye miwani ataona ukungu mtupu. Na asijifunge hadi asisikie lori linalomjia nyuma.