Pipa la Samaki na Mboga: Zana ya Kufundishia Sayansi katika Shule ya Msingi

Kazi mojawapo ngumu ya mwalimu wa Sayansi ni kuwaelewesha watoto mambo yasiyoonekana kwa macho. Ni rahisi kuwaonyesha jani, mzizi na ua. Si rahisi kuwaonyesha jinsi uchafu wa kiumbe mmoja unavyogeuka kuwa chakula cha kiumbe mwingine. Aghalabu jambo hili hufundishwa kwa kuchora duara ubaoni, nao wanafunzi hulinakili, hulijibia mtihani, kisha hulisahau.

Katika makala haya tunakusudia kueleza zana inayoweza kulionyesha duara hilo likiwa hai: kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale, katika mapipa yaliyokwisha kutumika. Utaratibu huu huitwa akwaponiki. Tunamwandikia hasa mwanachuo atakayepangiwa shule isiyo na maabara, isiyo na umeme wa kutegemewa, wala fungu la kununulia vifaa.

Wazo lenyewe si geni. Wakulima wa Qingtian, katika jimbo la Zhejiang nchini China, wamefuga samaki ndani ya mashamba ya mpunga kwa karne nyingi. Kuanzia miaka ya 1980, James Rakocy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin waliuchunguza ufugaji wa samaki pamoja na mboga bila udongo. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa kitabu cha mwongozo kwa wafugaji wadogo.

Kinachotendeka ndani ya maji

Samaki hutoa amonia, hasa kwa njia ya matamvua yake. Amonia ikizidi majini humwua samaki yule yule aliyeitoa. Lakini juu ya kokoto zilizolowa huota bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wa kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haimdhuru samaki kwa urahisi, na ndiyo mbolea ambayo mboga huipenda. Mboga zikiifyonza, maji hurudi kwa samaki yakiwa yanafaa tena.

Basi viumbe wa pipa letu ni makundi matatu, si mawili: samaki, mboga na bakteria. Kundi lisiloonekana ndilo linaloyashikilia mengine. Mwanachuo akilielewa hili, mengine yote tutakayoeleza yatamwia mepesi.

Vifaa na ujenzi

Yatafutwe mapipa mawili ya plastiki ya lita 200, yaliyofungwa pande zote mbili, ambayo yalikuwa na mafuta ya kula, juisi au chakula kingine. Pipa lililokuwa na dawa ya wadudu, rangi au kemikali isiyojulikana lisitumike kabisa, hata likioshwa mara kumi. Vyombo vya shaba na mabati yenye zinki pia visitumike, kwa kuwa madini hayo huwadhuru samaki.

Pipa la kwanza likatwe kwa kulizunguka, theluthi moja kutoka juu. Sehemu ya chini ndiyo bwawa letu, nalo litachukua lita 120 za maji bila kufurika. Sehemu ya juu yaweza kuwa kitalu cha miche. Pipa la pili lipasuliwe kwa urefu, yapatikane mahori mawili. Hori moja ni la kokoto na mboga. La pili ni la kuwekea maji ya akiba: maji ya bomba yaachwe humo siku mbili yakiwa wazi ili klorini itoke.

Hori la kokoto litobolewe matundu kwa msumari wa moto upande mmoja wa chini, na lipandishwe juu ya matofali ili maji yatiririke na kuangukia bwawani. Maji yanapoanguka huchukua hewa, na samaki huihitaji. Jukwaa liwe imara kweli kweli, kwa maana lita 100 za kokoto zina uzito upatao kilo 160 hata kabla ya kutiwa maji. Jukwaa la miti mibovu likivunjika laweza kumvunja mtoto mguu.

Kokoto ziwe kubwa kuliko punje ya hindi na zisizidi ncha ya kidole gumba, zioshwe mpaka maji yatoke safi. Kwa shule za pwani tunatoa onyo maalumu. Mawe mengi ya huko yametokana na matumbawe, nayo ni chokaa. Chokaa huyafanya maji kuwa na alkali, na mboga hushindwa kufyonza madini ya chuma, majani machanga yakawa ya manjano. Kipimo chake ni rahisi: dondosha siki au maji ya ndimu juu ya jiwe. Likitoa povu, ni chokaa. Kazi hii wapewe wanafunzi, kwa kuwa ni somo kamili la dakika 40.

Wiki sita za kungoja

Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika. Bakteria tuliowataja hawapo kwa wingi siku ya kwanza. Huchukua kwa kawaida wiki nne hadi sita kuenea juu ya kokoto, na penye baridi huchelewa zaidi. Anayetia samaki siku ile ile ya kujaza maji huwatia katika chombo kisicho na wa kuiondoa sumu yao.

Mwalimu atashawishika kuharakisha. Watoto watauliza kila asubuhi, "Mwalimu, samaki wako wapi?" Huenda Mwalimu Mkuu anatarajia wageni kutoka wilayani, naye angependa wakute samaki wanaogelea. Tunamsihi mwanachuo asikubali. Samaki wakifa mbele ya darasa, watoto hawatasema kwamba bakteria walikuwa wachache. Watasema kwamba Sayansi ya mwalimu ni maneno matupu, na itakuwa vigumu kuwashawishi vinginevyo.

Wakati huu bakteria walishwe bila samaki. Kila siku itiwe majini chembe ndogo ya dagaa waliosagwa, wasio na chumvi, ioze na kutoa amonia. Gao moja la kokoto au tope kutoka bwawa la samaki wenye afya litaleta mbegu ya bakteria. Maji yatekwe na kumiminwa juu ya kokoto kila siku. Yakinuka uvundo, hewa ni haba: yatekwe mara nyingi zaidi, na dagaa wapunguzwe. Penye uwezo wa kupata karatasi za kupimia nitriti na nitrati, zitumike. Pasipokuwa nazo, wiki sita zitimie, kisha watangulizwe samaki wawili tu kwa wiki moja.

Kutia samaki na kupanda mboga

Kwa kuwa hatuna pampu, wanafunzi ndio pampu. Ndoo 12 za lita 10 hutosha kuyazungusha maji yote mara moja. Zamu ziwe nne kwa siku: asubuhi, mapumziko, adhuhuri na wakati wa kutoka. Maji yamiminwe taratibu, ndoo kwa ndoo, ili bwawa lisikauke. Usiku hakuna atakayeteka, ndiyo maana samaki lazima wawe wachache. Perege wadogo sita, wa gramu 20 kila mmoja, wanatosha.

Wakati wa kupanda, hesabu itumike. Mwongozo wa FAO hukadiria gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya mboga za majani, penye miche 20 hadi 25. Tuseme samaki wetu sita wamefikia gramu 50 kila mmoja, yaani gramu 300 jumla. Wakilishwa asilimia 3 ya uzito wao, watakula gramu 9 kwa siku. Gawa 9 kwa 45, utapata mita za mraba 0.2, yaani miche minne au mitano ya sukuma wiki, ijapokuwa hori lina karibu nusu mita ya mraba. Anayelijaza hori zima kwa miche ataona mboga zimedhoofu.

Kwa hiyo pipa hili si mradi wa kulisha shule, wala lisitangazwe hivyo. Perege huhitaji miezi sita au zaidi ya kulishwa vizuri ili kufikia uzito wa kuliwa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alitaka kazi za shule ziwe sehemu ya kujifunza. Mtoto anayeteka ndoo 12 bila kujua sababu amepewa adhabu tu.

Somo lenyewe darasani

Tunapendekeza somo kuu lifundishwe katika wiki za kungoja, kabla ya samaki kuja. Waulize wanafunzi: "Kokoto husafishaje maji?" Wengi watajibu kwamba huchuja kama kitambaa. Jibu hilo lisikosolewe kwa maneno, lipimwe. Koroga chumvi katika maji mpaka iyeyuke, uyapitishe katika kopo la kokoto safi, kisha uweke kijiko kimoja cha maji hayo katika sahani nyeusi juani. Maji yakikauka, chumvi itabaki sahanini. Basi kilichoyeyuka hakizuiliwi na kokoto. Amonia nayo imeyeyuka. Ni nini, basi, kinachoiondoa? Hapo watoto watakuwa tayari kusikia habari za bakteria, kwa sababu wana swali linalowadai jibu.

Jaribio la pili ni la makopo mawili ya mchanga uliooshwa, yaliyopandwa mchicha. Moja limwagiliwe maji ya mvua, jingine maji ya pipa. Kila Jumatatu wapime kimo, waandike rangi ya majani, na kuchora grafu. Daftari la pipa liwe moja kwa darasa zima, na kila kundi la zamu litie sahihi yake.

Tahadhari

Bwawa lifunikwe kwa wavu wa waya uliofungwa imara, kwa maana mtoto mdogo aweza kuzama hata katika maji machache. Maji katika kokoto yasifike juu, mbu wasizaliane. Mikono yenye sabuni isiingie majini, na mboga zioshwe kabla ya kupikwa. Samaki wakionekana wakihema juu ya maji alfajiri, walishaji waache kulisha, theluthi ya maji ibadilishwe kwa maji ya akiba, na zamu ziongezwe. Samaki wasiachiliwe mtoni au ziwani, kwa kuwa aina ngeni huweza kuwadhuru samaki wa asili. Kabla ya kuwatafuta, mwalimu amwone afisa uvuvi wa wilaya. Ratiba ya likizo ipangwe mapema: pasipo mtu wa kuteka maji, samaki warudishwe kwa mfugaji kabla shule haijafungwa.

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha hatakuwa na muda wa kungoja wiki sita huko. Aanze basi chuoni sasa. Siku ya kuondoka achukue kokoto zilizokomaa katika gunia bichi, asiziache zikauke, azichanganye na kokoto za pipa jipya. Bakteria wataenea upesi zaidi, na shule itabaki na pipa linaloendelea kuishi baada ya yeye kurudi chuoni.