Mashine ya HP 40 inavyoweza kula faida ya dagaa

Katika mwalo wa Kirumba, Mwanza, dagaa hushuka kwa magunia kutoka visiwani na kupakiwa kwenye malori yanayoelekea Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo. Mnunuzi anayewasubiri mara nyingi fedha zake zilishaingia ziwani zamani: alimkopesha mvuvi mashine ya boti, naye analipwa kwa samaki. Kwa hiyo ukubwa wa mashine si shauri la mvuvi peke yake. Mashine ikimaliza mapato kwa petroli, deni halirudi, na mzigo unauzwa usiku kwa mwingine mwenye fedha taslimu.

Madukani mashine zinazotafutwa zaidi ni HP 15, 25 na 40. Wengi macho huwaenda kwenye 40, kwa hoja kwamba nguvu haijawahi kumdhuru mtu. Kwa boti ya mbao iliyobeba mzigo, hoja hiyo ina kasoro.

Boti ya namna hiyo, yenye urefu wa futi 28, hairuki juu ya maji kama boti nyepesi za kitalii. Inapasua maji, na kadiri inavyoongeza mwendo ndivyo inavyojitengenezea wimbi kubwa, mpaka inakuwa kama inapanda mlima wa maji yake yenyewe. Kwa urefu huo mlima unaanzia kwenye kilomita 12 hivi kwa saa. Kuanzia hapo, farasi wanaoongezwa wanainua mbele ya boti na kuzamisha tezi; mwendo unaongezeka kidogo tu. Mzigo ukiwa umerundikwa nyuma, maji huanza kuingia palepale mashine ilipofungwa.

Hesabu ya mafuta ndiyo inayouma. Mashine ya HP 15 ya mipigo miwili ikivutwa hadi mwisho hutumia takriban lita 7 kwa saa. Ya 40 hufika lita 18 au zaidi. Chukulia safari ya kilomita 40 kutoka kisiwani, boti ikiwa imejaa. Ndogo ikienda kilomita 10 kwa saa itachukua saa nne na lita 28. Kubwa ikienda 13 itachukua saa tatu na kitu, lakini itamaliza lita 55 hivi. Saa moja iliyookolewa imegharimu lita 27. Kwa dagaa waliokwisha kukauka, saa moja haiongezi hata shilingi kwenye bei ya gunia.

Sangara wabichi ni habari nyingine. Boti inayokusanya samaki kwenye barafu ina haki ya kuwa na haraka, sawa na boti ya abiria. Huko HP 25 au 40 inaweza kujilipa, mradi umbo la boti liwe jepesi na tezi yake iwe imara kubeba mashine nzito.

Kununua ndogo mno nako ni hatari. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku huipunguzia injini karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. HP 15 iliyonunuliwa Mombasa au Dar es Salaam inafanya kazi ziwani kama 13 na nusu. Upepo wa mbele ukianza, boti iliyojaa yenye mashine dhaifu inasimama palepale huku mafuta yakiisha, na wengi walioliwa na ziwa hili walikuwa wakijaribu tu kufika nyumbani. Kwa boti ya futi 28 ya mizigo inayovuka maji mapana, HP 25 inayoendeshwa kwa nusu mkono ni chaguo la busara kuliko 15 inayolia njia nzima.

Kabla ya kubadili mashine, afadhali kuangalia pangaboi. Lenye mkunjo mkali limetengenezwa kwa boti nyepesi; kwenye mzigo injini inaelemewa na kushindwa kufikia mzunguko wake. La mkunjo mdogo husukuma vizuri zaidi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine.

Mpakani kuna jambo linalowakwaza wengi. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Dagaa wanapita nacho. Mashine iliyoundwa Japani haipiti nacho, hata kama ilinunuliwa Kisumu na risiti ni ya Kisumu. Anayeivusha kwenda kumkopesha mvuvi wa upande wa pili anahitaji hati za forodha zenye namba ya injini, na nakala moja ibaki na nahodha, kwa sababu mashine huibwa ziwani na doria ya nchi yoyote itauliza ni ya nani.