Sura Imekonda, Kitambi Bado Kipo

Wana, kuna ishu inawakatisha tamaa masela wengi huku Pwani, kuanzia Saadani mpaka Bagamoyo. Mtu kaamua kupiga tizi. Jioni yuko ufukweni anachanja mchanga, soda kapiga chini, chipsi kapiga chini. Baada ya muda mashavu yameingia ndani, mifupa ya mabega inaonekana, kitambi kimegoma. Akikatiza maskani anaulizwa: "Mwana vipi, unaumwa?"

Swali hilo linauma kinoma, na lina historia. Kabla dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi hazijaanza kutolewa bure Bongo mwaka 2004, mtu akikonda tu, mtaa ulishamhukumu: kakanyaga miwaya. Hofu ile bado tunayo. Kweli, ukipungua bila kupanga, wahi zahanati. Ila mtu wa tizi mwache.

Sasa kwa nini sura inatangulia na kitambi kinagoma? Mafuta hayatoki pale unapopakazania. Piga mazoezi ya tumbo mpaka uchoke, misuli itakaza, lakini mwili unachoma mafuta kutoka kila kona, na jeni, homoni na umri ndivyo vinaamua wapi patangulie. Usoni mafuta ni machache, yakipungua kidogo tu kila mtu anaona. Masela wengi wamejaza tumboni. Masista, homoni ya estrojeni inawapelekea mapajani, kwenye nyonga na makalio, na huko yanang'ang'ania kweli. Matiti nayo yana mafuta, yanapungua pia.

Kitu fresh ni hiki: mafuta ya ndani, yale yanayozunguka ini na utumbo, yanayoleta kisukari na presha, mara nyingi yanawahi kutoka kuliko nyama uzembe unayoishika kwa vidole. Yaani umeshaanza kushinda kabla kioo hakijakubali. Masista wa Pwani wana kipimo chao cha siku zote, shanga za kiunoni. Zikianza kuteremka, kiuno kimekata.

Wanaoogopa wowowo kuisha ndio wanaangukia kwa dawa za mchina za kukuza makalio. Achaneni nazo! Makalio yanajengwa kwa misuli: skwati, kupanda ngazi, na msosi wenye protini, samaki na maharage. Wacheki wacheza ngoma wa chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo, miguu imekaza vile kwa kazi. Mikanda ya kubana tumbo inakutoa jasho, chai za kuharisha zinakutoa maji, mafuta hayajaguswa. Na usikimbilie kupungua fasta, ngozi italegea na sura itazeeka. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha.

Kujipima kiuno, azima utepe wa fundi cherehani, zungusha kati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga. Mwanaume ukivuka sentimita 94, mwanamke 80, anza leo. Na ukimwona mshikaji kapungua sura, usimuulize anaumwa nini. Muulize anakimbia saa ngapi, muende wote.