Kisangani: walipoteza miguu na mikono katika Vita ya Siku Sita, lakini hawakuacha kudai haki yao

Watu waliokatwa miguu ao mikono katika vita ya Kisangani ya mwaka wa 2000 wangeweza kubaki nyumbani wakingojea msaada. Wengi wao walichagua njia ingine. Walijiunga katika chama, wakatunga mchezo wa kuigiza juu ya maisha yao wenyewe, na mwaka wa 2018 kundi moja kati yao likapanda mashua na kushuka mto Kongo hadi Kinshasa, safari ya kilomita zaidi ya 1,700. Hawakuenda kuomba sadaka. Walienda kuuliza malipo yao yako wapi.

Safari hiyo ilirekodiwa katika filamu « En route pour le milliard » ya Dieudo Hamadi, mtengenezaji wa filamu aliyezaliwa Kisangani. Mwaka wa 2020 ilichaguliwa katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes, Ufaransa, filamu ya kwanza kutoka RDC kupata nafasi hiyo, hata kama tamasha lenyewe halikufanyika kama kawaida juu ya ugonjwa wa Corona. Wanaoonekana ndani si waigizaji waliolipwa. Ni akina mama na akina baba wa Kisangani, wanaongea Kiswahili na Lingala, wanagombana, wanacheka, wanapika na kusali, huku wengine wakiwa na magongo na wengine na miguu ya bandia.

Siku sita zilizobadilisha maisha

Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 mwezi wa sita mwaka wa 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana katikati ya mji wa Kisangani. Maelfu ya makombora yalianguka juu ya mitaa ya raia. Kufuatana na ripoti ya Umoja wa Mataifa inayojulikana kwa jina la « Mapping », iliyotolewa mwaka wa 2010, raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, waliojeruhiwa wanapita 1,000, na nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa. Kanisa kuu la Notre-Dame, masomo na hospitali navyo viliguswa.

Hesabu ya waliokufa inarudiwa kila mwaka. Hesabu ya waliobaki hai bila mguu, bila mkono ao bila jicho inasahaulika haraka. Kwa watu hao vita haikuisha siku ya sita. Mtoto aliyekatwa mguu akiwa na miaka kumi alipaswa kukua nao, kubadilisha mguu wa bandia kila mwili wake ulipoongezeka, kutafuta njia ya kufika kwenye masomo, kisha kutafuta kazi katika mji ambao hata mtu mwenye miguu yote miwili anahangaika kuipata.

Hamadi aliwajua baadhi ya wahanga hao wakati wa kutengeneza filamu yake ya mbele, « Maman Colonelle », ya mwaka wa 2017. Filamu hiyo ilimfuata kolonelo wa polisi Honorine Munyole, aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, ambako akina mama walioumizwa na vita walikuja kumuelezea mateso yao.

Safari ya mto

Mashua za mto Kongo hazikutengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mguu mmoja. Hakuna ngazi nzuri ya kupandia, hakuna kitanda, na choo ni taabu hata kwa mzima. Katika filamu, mvua kubwa inawakuta usiku, na abiria wote wanashika mahema kwa mikono kusudi upepo usiyabebe. Pale ulemavu hauonekani tena: mwenye mikono anashika, asiye na mkono anaita wenzake na kuongoza.

Kinshasa haikuwapokea kama walivyotumaini. Ilikuwa wakati wa maandalizi ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2018, na wakubwa walikuwa na mambo mengine katika kichwa. Wahanga walifika mbele ya makao ya Bunge na mabango yao, na wakazuiwa kuingia. Waliendelea kurudi, siku kwa siku.

Mara nyingi mtu anayeishi na ulemavu anasifiwa juu ya uvumilivu wake, kisha kila mtu anaendelea na njia yake. Watu wa Kisangani hawakutaka sifa za namna hiyo. Walitaka mlango ufunguliwe, na jina la kila mmoja liandikwe kati ya wale wanaodai. Na mbele ya mlango ule, kizuizi hakikuwa mguu uliokatwa. Kizuizi kilikuwa uamuzi wa watu wenye miguu yote.

Kilichoamuliwa The Hague

RDC ilishitaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka wa 1999. Tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2005, mahakama hiyo iliona kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa. Juu ya Rwanda, mwaka wa 2006 ilisema haina uwezo wa kuhukumu mashitaka ambayo Kongo ilikuwa imepeleka.

Tarehe 9 mwezi wa pili mwaka wa 2022, mahakama iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 za Marekani: milioni 225 juu ya watu walioumizwa, milioni 40 juu ya mali iliyoharibiwa, na milioni 60 juu ya utajiri wa asili ulioporwa. Pesa hizo zinapaswa kulipwa kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka, tangu mwaka wa 2022 hadi 2026. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Sababu moja ya tofauti hiyo kubwa ni kwamba majaji waliona vithibitisho vilivyoletwa havikutosha.

Serikali iliunda mfuko wa pekee wa kugawa pesa hizo, unaoitwa FRIVAO. Lakini kati ya pesa kufika Kinshasa na pesa kufika mkononi mwa mama mwenye magongo huko Kisangani, njia ni ndefu, na malalamiko ya wahanga juu ya kukawia kwa malipo hayajaisha.

Funzo kwa Kivu na Ituri

Jambo hili haliwahusu watu wa Kisangani peke yao. Katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, risasi na mabomu vinaendelea kukata miguu ya raia. Vituo kama Shirika la Umoja huko Goma na Heri Kwetu huko Bukavu vinatengeneza miguu ya bandia na kuwafundisha watu kutembea tena. Mguu huo ni mwanzo tu. Kuna pia karatasi: cheti cha hospitali, picha ya kidonda, jina la mahali na tarehe ya tukio. Uamuzi wa The Hague umeonyesha kwamba uchungu usioandikwa ni vigumu kuulipia. Familia inayomuuguza mtu wake leo ihifadhi karatasi hizo vizuri, na ijiunge na wengine walioumizwa pamoja naye.

Wakaaji wa Goma wanajua mfano mwingine. Kwa miaka mingi, ku mpaka mdogo wa Goma na Gisenyi, watu wanaoishi na ulemavu wamevusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu zinazosukumwa kwa mkono. Waliobahatika kupata baiskeli na kupunguziwa kodi waliweza kulisha nyumba na kulipa masomo ya watoto. Walikuwa na akili ya biashara tangu mbele. Baiskeli ndiyo iliyokuwa inakosekana.

Sheria ipo pia. Katiba ya RDC, katika kifungu cha 49, inampa mtu anayeishi na ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 mwezi wa tano mwaka wa 2022 inaeleza haki hizo kwa urefu. Mkubwa wa masomo anayemkataa mtoto juu ya magongo yake, ao ofisi ya serikali inayowekwa ku etaje ya tatu bila njia ingine ya kupandia, inakwenda kinyume na sheria hiyo.

Awamu ya mwisho ya malipo ya Uganda imepangwa mwaka wa 2026. Wahanga wa Vita ya Siku Sita wanaozeeka wanahesabu miaka, na baadhi ya waliodai pamoja nao wameshakufa bila kupokea kitu. Waliobaki wanaendelea kukutana, kuandika barua na kugonga milango ya ofisi, wengine kwa mkono mmoja waliobaki nao.