Kumwuguza mgonjwa wa kipindupindu bila kumwaibisha

Kipindupindu kinajulikana Burundi tangu mwaka 1978, hasa kandokando ya Ziwa Tanganyika na katika bonde la Rusizi. Mwezi wa Januari 2023 kilitangazwa tena, na mji wa Bujumbura ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizopatwa. Habari za kuchemsha maji na kunawa mikono kwa sabuni mmekwisha kuzisikia. Safari hii tunataka kusema juu ya namna ya kukaa na mgonjwa mwenyewe.

Ugonjwa huu una aibu nyingi. Mtu mzima anahara maji matupu, hawezi kufika chooni, anachafua nguo mbele ya watoto wake. Ndiyo sababu wengine huficha. Husema tumbo linauma kidogo tu, kisha hujilaza gizani. Lakini mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja, na akiachwa hivyo aweza kufa siku ile ile. Basi ukimwuliza kwa sauti kubwa mbele ya majirani, "Umehara mara ngapi?", umemfundisha kuficha. Sogea karibu, keti, msalimu kama watu wake wanavyomsalimu, Mzee au Mama Fulani, halafu uulize polepole.

Kituoni atalazwa juu ya kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake. Mweleze kabla hajakiona: kitanda hicho ni cha wagonjwa wote, na wauguzi hutazama ndoo ili wajue maji ya kumrudishia. Mfunike kwa kitenge.

Angalia pia ni nani anayemhudumia. Tuseme mzee ameugua na aliye karibu naye ni mke wa mwanawe. Mzee huyo aweza kukataa kunywa ili asihitaji ndoo! Usimgombeze. Tafuta mwanamume wa kushika ndoo, mkwe abaki na kikombe.

Lugha nayo ni shida. Muuguzi wa Bujumbura aweza kuwa anasema Kirundi na Kifaransa, na mgonjwa aliyetoka Fizi au Uvira anajua Kibembe au Kifuliiru. Wasemaji wa Kiswahili si haba mjini, hasa Buyenzi. Omba atafutwe mmoja. Mtoto asitumwe kutafsiri habari za choo za mama yake.

Kinachomsumbua mgonjwa zaidi ni kiu, baridi na hofu. Pakiti moja ya chumvi za kunywa huchanganywa na lita moja ya maji safi; yakipita saa 24, mwaga. Kama pakiti hakuna, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mpe funda kwa funda, tena kila anapohara. Akitapika, ngoja dakika 10 uanze upya. Mtoto aendelee kunyonya. Aliyelegea, asiyeweza kunywa au ambaye macho yameingia ndani apelekwe kituoni mara moja, hata kama ni usiku.

Msidhani kazi ya kikombe ni ndogo. Mwaka 1971, huko Bangaon, India, wakimbizi waliotoka Bangladesh walishikwa na kipindupindu, na maji ya kutia mshipani yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis alichanganyisha maji ya chumvi na sukari katika mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawanywesha wenyewe. Vifo vilishuka kutoka watu kama 30 katika kila 100 hadi chini ya 4.

Mnapokwenda kituoni chukueni kikombe cha mgonjwa, nguo za kubadili na sabuni. Njiani aendelee kunywa.