Kompyuta Moja, Mitandao Mitatu

Akina mama wengi wanaofanya kazi za ofisi siku hizi hurudi nyumbani jioni na kompyuta mpakato mkobani. Mchana imetumia waifai ya ofisi, usiku inatakiwa itumie ya nyumbani, na umeme ukikatika ruta ikazimika, inakimbilia intaneti ya simu. Hapo ndipo taabu inapoanza. Alama ya waifai inaonekana, lakini hakuna ukurasa unaofunguka, na ripoti inangojewa asubuhi.

Kabla ya kumwita fundi, mama mwenzetu, fanya jaribio moja dogo. Chukua simu yako, zima data, kisha iunge na waifai ile ile ya nyumbani. Ikifungua kurasa vizuri, basi ruta haina kosa na kampuni ya intaneti haina kosa. Tatizo limo ndani ya kompyuta, na mara nyingi wala si ugonjwa, bali ni amri za ofisini zilizokufuata nyumbani. Tunalisisitiza hili kwa sababu wako mafundi ambao dawa yao kwa kila kitu ni kufuta Windows na kuiweka upya, na picha za watoto zikapotelea humo humo.

Amri hizo ni zipi? Kompyuta yoyote ikiingia katika mtandao hupewa namba, kama mgeni anavyoonyeshwa kiti. Kwa kawaida ruta huigawa yenyewe. Ofisi nyingine hupenda kuifunga: fundi anaiandika kwa mkono, tuseme 192.168.10.25. Nyumbani ruta yako huenda inagawa namba zinazoanza na 192.168.1, kwa hiyo kompyuta inabaki kudai kiti cha nyumba nyingine. Katika Windows 10 na Windows 11 namba inaweza kufungwa kwa mtandao mmoja tu. Fungua "Settings", nenda sehemu ya mtandao, chagua jina la waifai ya nyumbani, utazame palipoandikwa "IP assignment". Hapo pawe "Automatic". Lakini fundi aliyepitia njia ya zamani ya "Control Panel" ameifunga waifai yote ya kompyuta, na namba hiyo itakufuata kila uendako. Mwombe airudishe, aiandike kwenye mtandao wa ofisi peke yake.

Amri ya pili ni proksi, yaani kompyuta ya ofisi inayosimama kama bawabu na kupitisha mawasiliano yote. Nyumbani bawabu huyo hayupo. Proksi ya Windows haiwekwi kwa kila mtandao mbali mbali. Ikiwashwa imewashwa kote. Huna budi kuizima jioni na kuiwasha asubuhi, palipoandikwa "Proxy". Inaudhi, ila ni kazi ya nusu dakika. Kompyuta ikiwa mali ya ofisi, uliza kwanza.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo nyumba nyingi huumia bila kujua. Umenunua bando kwa simu, ukaigawia kompyuta intaneti ili utume barua moja tu, na baada ya saa moja bando limekwisha. Nani amelila? Kompyuta haikujua kwamba intaneti ile inapimwa. Iliiona ni waifai kama nyingine, ikaanza kupakua masasisho ya Windows na kupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Fungua jina la mtandao wa simu yako, uwashe "Metered connection". Masasisho mengi yatangoja. Ukishafanya mara moja, kompyuta itakumbuka kila inapoungana na simu hiyo. Usiiwashe kwenye waifai ya nyumbani isiyo na kikomo, kwa sababu masasisho ndiyo yanayoziba mianya ya wezi, na lazima yapate mahali pa kuingilia.

Ukiwa hotelini au kwenye semina, chagua "Public", ili wageni wengine wa mtandao ule wasiione kompyuta yako. "Private" ni ya nyumbani, panapo kompyuta nyingine unazotaka zionane. Na mtandao wa hoteli usiuruhusu kujiunga wenyewe tena. Yeyote anaweza kuupa mtandao wake jina lile lile.

Ukibadilisha neno la siri la ruta ya nyumbani, kompyuta huenda ikaendelea kubisha hodi kwa lile la zamani. Chagua jina la mtandao, bonyeza "Forget", kisha uiunge upya. Ila usifanye hivyo kwa mtandao wa ofisi kabla ya kuinakili kwenye daftari ile namba iliyofungwa, maana ukiufuta mtandao, nayo huondoka.